Msaada wa nje uliacha nini Rwanda?

Ndugu, umeuliza kama msaada wa kimataifa uliiachia Rwanda chochote zaidi ya kesi za mauaji ya kimbari ya 1994 zilizosikilizwa Arusha, Tanzania. Uliacha, na si kidogo.

Mahakama iliyosikiliza kesi hizo, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR), iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikafungwa mwishoni mwa 2015. Iliwashtaki watu 93. Mzigo mkubwa ulibebwa na gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda yenyewe: kesi karibu milioni mbili, zikiamuliwa na wanakijiji wenyewe.

Ila kwangu jambo zito ni hili. ICTR haikuruhusiwa kuhamishia kesi mahali ambapo mshtakiwa angeweza kuhukumiwa kifo. Rwanda ikafuta adhabu hiyo mwaka 2007. Hata hivyo, mwaka 2008 majaji walikataa maombi ya kuhamisha kesi. Walihofia, pamoja na mengine, kwamba mashahidi wa utetezi wangeogopa kujitokeza. Sheria ikarekebishwa tena, shahidi aliye nje akaweza kuhojiwa kwa video. Ndipo mwaka 2012 mshtakiwa wa kwanza, Jean Uwinkindi, akapelekwa Kigali.

Sharti lile lilizaa mageuzi ambayo semina za wafadhili, kwa maoni yangu, zisingeyafikia kamwe. Na kufutwa kwa adhabu ya kifo kunamlinda kila Mnyarwanda, hata asiyehusika kabisa na kesi za 1994.