Kwa vijana mnaofunga kamera za magari: acheni kuficha uchafu nyuma ya plastiki

Jumamosi iliyopita nilifungua nguzo ya kioo cha mbele ya Harrier moja, upande wa abiria, nikakuta waya wa kamera ya kurekodi safari umepita juu ya eabegi ya pazia, ule mfuko wa hewa unaofumuka ubavuni ajali ikitokea, na kukazwa nayo kwa vibanio viwili vya plastiki. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Waya umezama kwenye paa, kamera imekaa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, na mteja aliondoka siku ile akimwaga sifa. Aliyefunga ni kijana wetu wa hapa hapa kijiweni, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Nilikaa kwenye kiti cha abiria kimya kwa muda, kwa sababu hilo lilikuwa gari la tatu mwezi huu.

La kwanza lilikuwa IST, waya mwekundu na wa njano vimesokotwa pamoja. La pili Noah, nyuzi za waya zimezungushiwa mguu wa fyuzi kisha fyuzi ikasukumizwa mahali pake. Makosa yote matatu nayajua. Mawili nimewahi kuyafanya mwenyewe, na lingine lililo ndugu wa lile la IST bado linaniamsha usiku. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu, mliotoka VETA na mliojifunzia chini ya miembe. Sitaeleza fyuzi ni nini.

1. Eabegi

Waya unapita nyuma ya eabegi, ukifuata wayaringi ya kiwandani, na unafungwa kwenye wayaringi hiyo. Haupiti mbele yake wala haufungwi nayo. Ule mfuko unafumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Chochote ulichokikaza juu yake kitauzuia usifunguke inavyotakiwa, au kitarushwa usoni kwa mtu aliyekaa pale. Soketi za njano usiziguse, na taa yako ya kupimia isikaribie nyaya zake. Kabla hujafungua nguzo, chomoa negativu ya betri na usubiri. Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo ule huhifadhi umeme wake hata betri ikitoka.

Na ile klipu yenye mkia iliyo juu ya plastiki ya nguzo. Nimeona mnaivuta kwa bisibisi mpaka inakatika, kisha mnarudishia plastiki kwa gundi. Mkia ule upo ili eabegi ikifumuka, plastiki ifunguke kidogo tu na kubaki imeshikwa, isiruke. Ukiikata, nunua nyingine. Kama haipatikani leo, mwambie mteja ukweli, gari lisubiri.

2. Moto wa kuchukua

Usichukue moto, yaani umeme wa kamera, kwenye fyuzi ya eabegi, ya ABS (mfumo wa breki), ya ECU (kompyuta ya gari) wala ya taa za breki. Nafasi za soketi ya sigara, redio na taa ya ndani zinatosha. Tumia kishikio cha fyuzi mbili, na fyuzi ya kamera iwe ya ampea 2 au 3. Nimekuta ya 15 kwenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na fyuzi hiyo haiwezi kukatika kabla waya haujayeyuka.

Kishikio kina upande. Toa fyuzi ya kiwandani, pima kwa mita tundu lipi lina moto, kisha ukiweke kishikio ili moto uingie kwenye mguu unaozilisha fyuzi zote mbili. Ukikigeuza, kamera itawaka vilevile, ila mzigo wake utakuwa unapitia kwanza kwenye fyuzi ya kiwandani. Kwa kuwa inawaka, mtu hujiona amemaliza kazi.

Kuhusu kuzungushia nyuzi kwenye mguu wa fyuzi: unalitanua tundu. Siku ukiutoa waya wako, fyuzi inabaki imelegea, inapata joto, plastiki ya boksi inaanza kubadilika rangi, na fundi atakayekuja baada yako atatafuta ugonjwa wiki nzima. Noah ile ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia.

3. Kamera ya usiku na betri

Hapa naomba mtulie mnisome vizuri.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Alikuja baba mmoja mwenye Passo, mkazi wa mbali kidogo, huko gari linakolala nje ya geti. Walikuwa wamemng'oa saiti mira mara mbili ndani ya miezi michache. Mtu aliyewahi kwenda kununua saiti mira zake mwenyewe anajua uchungu wa jambo hilo. Akataka kamera inayokesha, imwone mwizi.

Kifaa sahihi cha kazi ile nilikijua: chenye nyaya tatu, njano ya moto wa kudumu, nyekundu ya ACC (moto unaokuja kwa ufunguo tu), nyeusi ya bodi (chuma cha gari), na ndani yake kuna kikata umeme kinachoizima kamera volti zikishuka. Sikuwa nacho. Kilikuwa Kariakoo, tofauti ya bei haikufika elfu ishirini, ila ilikuwa Ijumaa jioni na foleni mnaijua. Mezani nilikuwa na kibadilishi cha nyaya mbili, kinashusha volti 12 kuwa 5, basi. Hakikati chochote. Nikakifunga kwenye moto wa kudumu.

Waya niliuficha vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilitumia karibu saa nzima kuzamisha waya kwenye paa na kufunga kila kibanio mahali pake, na sikutumia dakika moja kuweka mita kwenye betri. Baba yule aliniuliza, kwa maneno yake mwenyewe, "Fundi, betri itastahimili?" Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee, kamera inakula kidogo sana."

Gari likalala tangu saa kumi na mbili jioni ile. Jumamosi hakulitumia, Jumapili hakulitumia. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa nane, mtoto wake akabanwa na pumu. Wakamviringisha kwenye shuka, wakaingia garini, akageuza ufunguo. Rilei ikalia tik. Akageuza tena, tik. Majirani wakatoka kusukuma, lakini Passo ile ni otomatiki, na otomatiki huisukumi ikawaka. Wakasukuma tu gizani kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu lazima afanye kitu. Mwishowe mama alipakia bodaboda na mtoto kifuani, baba akafuata na nyingine.

Mtoto alipona. Namshukuru Mungu kila ninapolisimulia, na silisimulii mara nyingi.

Jumatatu asubuhi baba yule alikuja kwa daladala. Kamera alikuwa ameibandua mwenyewe, ameiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na waya wote, umekunjwa vizuri kama kamba. Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa, ingekuwa rahisi zaidi. Aliweka mfuko juu ya benchi akasema, "Nilikuuliza." Nikamrudishia pesa yake yote, akaihesabu, akaondoka. Sijamwona tena mpaka leo.

Alipoondoka nilikifunga kibadilishi kilekile kwenye betri ya mezani, kamera ikiwa inarekodi, mita katikati. Ikasoma ampea 0.34. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane ya usiku ule ni saa 56. Zidisha: ampea-saa 19. Betri ya NS40Z kama yake, ikiwa mpya kabisa, ina ampea-saa 35, na yake ilikuwa imechoka, pengine imebakiza nusu ya nguvu yake, na motaa ya kuwashia inadai ampea mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya kuzidisha, wadogo zangu. Ningeweza kuifanya kwenye karatasi ya sigara kabla sijachukua pesa ya mtu.

Tangu hapo hakuna gari linalofungwa kamera ya usiku hapa bila mita kugusa betri kwanza, injini ikiwa imepumzika. Ukisoma 12.6, betri iko vizuri. Ukisoma 12.2 imebaki nusu, na mteja aambiwe. Kikata umeme ukiweke 12.2 kwa betri yenye umri, 12.0 kwa mpya. Kile kituo cha 11.6 kilichomo kwenye vifaa vingine kisahau, kwa sababu volti zikifika huko gari linaweza lisiwake. Kwa malori ya volti 24, zidisha mara mbili. Kisha uliza swali hili kila mara: gari hulala siku ngapi bila kuwashwa? Akikwambia wiki nzima, usimfungie ya kukesha, hata kama anaitaka na hela iko mkononi.

Na ninyi mnaosokota nyekundu na njano pamoja: waya mwekundu ndio unaoiambia kamera kwamba ufunguo umetolewa. Ukiuunga na njano, kamera inaamini gari linatembea usiku kucha na inarekodi kwa nguvu zote. Mwenye IST aliniambia betri yake "imekuwa mbovu ghafla". Betri ilikuwa nzima.

4. Bodi

Bolti ya kwenye chuma kitupu, kichwa cha waya cha duara, si juu ya rangi. Pima, isizidi nusu omu.

5. Redio

Kabla hujafungua plastiki hata moja, washa redio na usikilize. Ukimaliza, kabla hujarudishia plastiki, washa tena, kamera ikiwa inafanya kazi.

Redio nyingi za magari yetu zimetoka Japani zikiwa zinasoma FM kuanzia 76 hadi 90, ndiyo maana tunafunga bendi ekspanda ili stesheni za juu zisikike. Kibadilishi cha bei poa kinapiga kelele kwenye mawimbi hayohayo, na ekspanda inaipokea kelele na kuipitisha pamoja na stesheni. Kuna mama mmoja wa Vitz alirudi siku ya pili akasema tangu kamera ifungwe, kipindi chake cha asubuhi kinakoroma. Nilipofungua nikakuta waya wa kamera umelala sambamba na waya wa antena, ubavu kwa ubavu, kutoka paani mpaka chini. Niliuhamishia nguzo ya upande wa pili, nikaweka kibadilishi kizuri, nikafunga kipande cha feraiti, kile kinachonyonya kelele za waya, karibu na plagi. Alikaa garini akasikiliza mpaka matangazo ya biashara yakaisha ndipo akawasha injini. Mtu wa namna hiyo ukimtendea haki anakuletea ndugu zake wote, na amewaleta.

6. Tepu

Tepu ya kitambaa. Ile nyeusi ya plastiki, kwenye joto la Dar, inatoka jasho la gundi na kufunguka ndani ya miezi michache, kisha waya unaanza kugonga plastiki kila kwenye tuta.

7. Kioo

Kamera ikae ndani ya eneo linalofagiwa na waipa, upande wa abiria, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Isikae juu ya vile vidoti vyeusi, gundi haishiki pale. Magari mapya yenye kamera yake ya kiwandani juu ya kioo usiyazibe macho. Futa kwa spiriti, acha kioo kikauke, bandika, kandamiza sekunde 30 kwa kuhesabu kweli, na kama inawezekana usiitundike kamera mpaka kesho yake. Mteja akiwa hajanunua, mshauri achukue yenye kapasita ndani badala ya betri ya lithiamu. Gari linaloegeshwa juani Posta kutwa nzima linageuka tanuri. Nimetoa kamera zilizovimba mgongo kama mkate.

8. Kabla hajaondoka

Washa, zima, toa ufunguo, subiri kamera ibadilike mbele ya macho ya mteja. Mwonyeshe anavyotoa memori kadi na anavyoifuta. Mwandikie kwenye risiti fyuzi ya kamera iko nafasi ipi, ili siku akiwa Morogoro na fundi mwingine, asipapase.

Harrier ile niliirudia pamoja na kijana mwenyewe. Nilimkalisha, nikamwambia akate vile vibanio viwili kwa mkono wake, apitishe waya nyuma, afunge, apige picha kabla ya kurudishia plastiki. Alifanya vizuri, na kwa utulivu. Kuanzia sasa picha hiyo itapigwa kwa kila gari linalotoka hapa, na mteja atatumiwa kwenye simu yake.

IST inarudi Jumatatu saa mbili asubuhi. Dogo, uje mapema, na uje na mita yako.