Kikwapa kilichoanza ukubwani: ndiyo, nenda hospitali

Pole sana dada. Umeuliza kama kikwapa kilichokuanza miezi michache iliyopita, kisichoondoka hata ukioga mara mbili kwa siku, ni cha kupeleka hospitali. Kipeleke, na wala usione aibu. Jasho lenyewe karibu halina harufu. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaoizalisha. Kinachonifanya nikuhimize ni huko kuanza ghafla ukubwani.

Daktari atakuuliza dawa unazotumia, kiu, kukojoa mara kwa mara, moyo kwenda mbio, kupungua uzito. Huenda akapima sukari na homoni za thairoidi, tezi iliyo shingoni. Mwonyeshe pia ngozi yenyewe: mabaka ya kahawia kwapani yanaweza kuwa erithrasma, maambukizi ya bakteria yanayotibika kwa antibayotiki. Chini ya taa maalumu hung'aa wekundu, lakini ukiwa umetoka kuoga mng'ao huo unaweza usionekane, kwa hiyo usisugue kwapa wala kupaka kitu kabla ya kwenda.

Harufu ikiwa ya samaki na ya mwili mzima, mwambie wazi. Hilo ni tatizo jingine kabisa, si kikwapa.

Na tafadhali acha kupaka limao na magadi kwapani, vinaunguza ngozi.