Maswali na majibu: Dingi ya kujaza upepo, ipi na ilale wapi?

SWALI (msomaji, Kilifi): Yoti yetu ni ya futi 34, mlingoti mmoja. Kaskazi ikianza tunataka kwenda kusini hadi Mafia, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 9. Tumeonyeshwa dingi mbili (mashua ndogo za kutufikisha ufukoni). Ya kwanza imetumika, ina urefu wa mita 3.1, sakafu ngumu ya faiba, na inauzwa pamoja na mashine ya HP 15. Ya pili ni mpya, mita 2.7, ya PVC, sakafu yake pia hujazwa upepo, na haina mashine. Kutoka mlingoti hadi winchi ya nanga tuna mita 2.6. Fundi anasema tusihangaike, tufunge deviti nyuma (mikono ya mabomba ya kuning'inizia dingi). Tuchukue ipi?

JIBU: Mmefanya jambo ambalo wengi hulifanya baada ya kulipa: mmepima sitaha. Dingi huchaguliwa kwa mahali itakapolala chombo kikiwa safarini, kisha ndipo mtu aangalie mwendo na bei.

Ile ya mita 3.1 haienei mbele ya mlingoti wenu, na kwa kuwa sakafu yake ni ya faiba hamwezi kuikunja. Inabaki deviti. Dingi ya aina hiyo ina karibu kilo 60, na mashine ya HP 15 ya mapigo mawili ina kilo 36 hadi 40. Hizo ni kilo mia zinazoning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo. Mvua ikinyesha, au wimbi la nyuma likiingia, maji yenye kina cha sentimita 20 kwenye sakafu ya mita mraba 1.25 yanaongeza kilo 250. Mabomba ya deviti hupinda, au boliti hung'oka na kipande cha sitaha. Deviti ni nzuri usiku mmetia nanga ndani ya hori (mkono wa bahari), kizibo cha maji kikiwa kimetolewa na mashine imeshushwa. Kuvukia bahari wazi kwa yoti ya futi 34, hapana.

Chukueni umbo la ile ya pili, lakini ulizeni kama ipo ya Hypalon, kitambaa cha mpira kinachostahimili jua kuliko PVC. DuPont iliacha kutengeneza Hypalon mwaka 2010. Kitambaa cha aina hiyo bado kinatengenezwa na viwanda vingine na jina limebaki midomoni mwa watu. Bei yake iko juu ya PVC, na kwenye jua letu tofauti hiyo inajilipa. Jua huifukuza ile dawa inayoilainisha PVC. Kwanza tyubu inanata ukiigusa, kisha inakakamaa, mwisho viungo vinaachia. Kama fedha inatosha PVC tu, nunueni na kava siku hiyo hiyo. Kava la kitambaa cha akriliki linalofunika tyubu zote, likiwa na tundu za pete na makasia, libaki juu ya dingi hata mkiwa mnaitumia.

Muuzaji akisema "hii ni Hypalon", lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni kidogo, usugue mahali pasipoonekana, chini ya mkanda wa pembeni. PVC inaanza kunata. Hypalon hainati, labda rangi kidogo tu inabaki kwenye kitambaa.

Sasa uzito, na hapa pwani yetu ina neno lake. Maji ya bamvua (siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu) kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Mkifika ufukoni maji yamejaa mkaenda sokoni, mkirudi yamekupwa. Ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakishuka mita 3.5, unawaacha mita 175 kutoka kwenye maji. Dingi ya mita 2.7 yenye sakafu ya upepo ina kilo 30 hivi, mashine ya HP 6 ya mapigo manne kilo 27, na tangi juu yake. Watu wawili wataikokota huku wakipumzika. Ile ya kwanza mtakaa kusubiri maji. Fungeni magurudumu ya kukunja kwenye ubao wa mashine, yenye matairi mapana, kwa sababu membamba huzama kwenye mchanga. HP 6 haitawarusha juu ya maji mkiwa watatu na madumu ya maji ya kunywa, lakini itawafikisha.

Kuilaza: kwa safari ya siku moja ndani ya mwamba (kati ya matumbawe na pwani), ipindueni mbele ya mlingoti. Mita 2.7 haiingii kwenye 2.6, kwa hiyo toeni upepo wa chumba cha omo (mbele ya dingi) na mkikunje chini. Fungeni kwa mikanda miwili inayopishana, kwenye pete za sitaha zilizofungwa kwa boliti, kamwe si kwenye nguzo za uzio. Kisha mtu aingie kabini ya mbele ajaribu kufungua kidirisha cha juu. Kama dingi inakizuia, huko ndani mtoto asilale mkiwa njiani, maana hicho ndicho mlango wake wa kutokea moto ukiwaka jikoni. Angalieni pia kamba za tanga la mbele: hupenda kunasa kwenye vishikio vya makasia kila mkigeuza.

Kwa kuvuka bahari wazi, ikunjeni yote. Isuuzeni kwa maji baridi na muikaushe. Mchanga uliojificha kati ya sakafu na tyubu utolewe wote, kwani ukibaki unasaga kitambaa kama msasa kila chombo kinapoyumba. Fungueni valvu zote, mnyonye upepo kwa upande wa kunyonya wa pampu, mlaze ubao wa mashine, mkunje pembe za tezi juu yake, kisha mviringishe kuelekea omo. Kifurushi kinakuwa takriban sentimita 110 kwa 60 kwa 35. Kabla ya kulipa, tengenezeni boksi la kadibodi la vipimo hivyo mlipitishe kwenye mdomo wa stoo ya sitaha. Mara nyingi stoo ina nafasi ya kutosha ila mdomo wake ni mwembamba.

Mashine ikae kwenye kibao cha uzio wa nyuma, wima. Mkilazimika kuilaza, ilale upande ulioonyeshwa na mtengenezaji, la sivyo oili ya mashine ya mapigo manne inaingia kwenye silinda. Petroli isiingie ndani kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia ngamani, chini kabisa ya chombo, na cheche moja ya swichi inatosha.

SWALI (msomaji, Tanga): Kuikunja na kuijaza kila mara kunachosha. Kwa nini nisiivute tu nyuma hadi Pemba?

JIBU: Kwa sababu mkondo wa bahari kati ya Tanga na Pemba unakwenda kaskazini, na upepo wa kaskazi ukivuma dhidi yake mawimbi yanasimama mafupi na makali. Dingi tupu ikipigwa na upepo wa noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa) hupinduka kama tiara. Ikishapinduka inageuka ndoo inayokokotwa, na pete za kuvutia zinang'oka zikiwa na kipande cha tyubu.

Ndani ya mwamba, bahari ikiwa shwari, vuta. Toa mashine, makasia na tangi. Tumia kamba inayoelea ya milimita 10 au 12, ifungwe kwenye pete zote mbili za kuvutia, na kamba ya pili ya akiba iliyolegea kidogo. Rekebisha urefu mpaka dingi ikae kwenye mteremko wa mbele wa wimbi linalokufuata. Kabla ya kuweka gia ya nyuma ili kutia nanga, mtu aivute dingi hadi ubavuni na aishike. Kamba iliyojizungusha kwenye rafadha (panga la kusukumia chombo) hukuzimia injini pale pale unapoihitaji, karibu na matumbawe.

Na ukishatia nanga, usiiache majini usiku. Ipandishe kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) hadi usawa wa uzio, kamba tatu, moja ya omo na mbili za tezi, ikiwa sambamba na ubavu wa yoti. Wezi wanapata kazi ngumu, na chini yake haioti majani wala chaza.

SWALI (msomaji, Unguja): Asubuhi dingi imekaza, jioni imelegea. Nimetafuta tundu kwa maji ya sabuni sijaliona.

JIBU: Huenda halipo. Ukijaza bar 0.25 asubuhi hewa ikiwa nyuzi 25, kisha jua likaipasha hadi nyuzi 50, shinikizo linakaribia 0.35. Jioni inapoa majini na kulegea. Mchana punguza upepo kidogo, jioni ongeza. Ukijaza, zungukia vyumba vyote nusu nusu kwanza, kisha ukamilishe. Kukaza kimoja huku jirani yake mtupu kunaupasua ukuta wa kati, na huo hauzibiki kwa kiraka cha nje. Kama chumba kimoja tu kinalegea usiku na mchana, paka sabuni kwenye valvu yenyewe. Punje ya mchanga chini ya mpira wake inatosha.

SWALI (msomaji, Mtwapa): Dingi ya PVC imechanwa na chaza kwenye gati, sentimita 3. Kiraka nilichobandika kimebanduka ndani ya wiki.

JIBU: Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni gundi: PVC inataka gundi ya poliyurethani ya sehemu mbili, Hypalon inataka ya neoprini ya sehemu mbili. Gundi ya viraka vya baiskeli haifai yoyote kati ya hizo. Ya pili ni unyevu. Asubuhi hewa ya pwani imejaa maji, na gundi inashika unyevu badala ya kitambaa. Fanya kazi adhuhuri, kivulini, dingi ikiwa haina upepo.

Kata kiraka cha duara kinachopita mchano kwa sentimita 5 kila upande. Pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka. Futa pande zote mbili kwa kiyeyushi kinachopendekezwa na mtengenezaji wa gundi, usisugue PVC kwa msasa mkali. Paka tabaka jembamba pande zote, liache likauke hadi lisinate kidoleni, paka la pili, lisubiri linate kidogo, ndipo ubandike ukianzia katikati. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuelekea kingo mpaka mapovu yote yatoke. Saa 24 usiijaze upepo, na kwa wiki nzima usiikaze hadi mwisho.