Umepanga nyumba, gari haliingii: kabla hujalipia njia ya kupita kwenye majani

Mwaka juzi nilihamia nyumba ya kupanga huku Sahare, Tanga, na wiki ya kwanza tu nikampa jirani shilingi 150,000 ili gari langu lipite juu ya ukoka wake. Nilizitoa mkononi, baada ya magharibi, bila karatasi wala shahidi. Kumbe ukoka ulikuwa wake, ardhi haikuwa yake. Tangu hapo nimewaona wapangaji wengine watatu mtaani kwetu wakitaka kufanya kosa hilohilo, ndiyo maana naandika.

Nieleze mahali penyewe. Kati ya barabara ya vumbi na geti letu pana ukanda wa majani wa hatua kama sita, na katikati yake unapita mtaro wa maji ya mvua. Aliyeijenga nyumba hakuwa na gari. Alikuwa mtu wa baiskeli, kama wengi wa Tanga, akalaza mbao mbili juu ya mtaro na zikamtosha. Mimi nilikuja na baba yangu aliyepooza upande wa kushoto. Kliniki yake ni hospitali ya Bombo kila mwezi, na kumbeba mtu mzima kutoka mlangoni hadi barabarani katika tope la masika ni kazi ya watu watatu. Ilibidi gari lifike barazani. Siku nilipoenda kuiona nyumba na dalali nilikagua maji, umeme, choo na paa. Geti nililiona pana, nikaridhika. Sikuuliza gari linalifikiaje.

Kwa hiyo la kwanza nakusihi: siku ya kuona nyumba nenda na gari lenyewe, au na la rafiki, ulijaribu kuliingiza hadi ndani. Likishindwa, bado hujalipa kodi na neno lako lina uzito. Ukishatoa kodi ya miezi sita, kila unachoomba utaambiwa "tutaangalia".

Mzee wa jirani alinifuata siku ya pili. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za kuhama. Akaniambia ukoka ule kaupanda yeye, anaufyeka yeye, na anayetaka kupitisha gari humlipa. Sikumwona mwongo, na hata leo simwiti hivyo. Mtu aliyepafyeka mahali miaka kumi na tano hupaona ni pake. Nikalipa. Kisha nikaagiza tripu moja ya kifusi, nikaufukia mtaro, gari likapita.

Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ikanionyesha nilichofanya. Maji yalipofika kwenye kifusi yalikosa pa kupita, yakarudi nyuma hadi jikoni kwa mama mmoja, nyumba ya tatu upande wa juu. Unga, mkaa, magodoro ya watoto, vyote vililowa. Nilimlipa vilivyoharibika na nikamwomba radhi mbele ya mumewe, lakini ile asubuhi ya kumkuta anachota maji kwa kopo bado inaniuma. Mtendaji wa mtaa akaniita, na alikuwa na haki.

Ofisini kwake, kwa nusu saa, nilifundishwa mambo niliyopaswa kuyajua kabla ya kufungua pochi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye kiwanja ana haki ndani ya mipaka yake, na kwenye kiwanja kilichopimwa mipaka hiyo ni bikoni, yaani alama zilizochimbiwa na wapima ardhi. Ukitoka nje ya bikoni kuelekea barabarani, uko kwenye hifadhi ya barabara, ardhi iliyotengewa barabara. Jirani akipanda ukoka au michongoma pale anaupendezesha mtaa, lakini hawezi kuuza wala kukodisha njia. Barabara za mitaa mijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Ukipanga kando ya barabara kuu au ya mkoa utakutana na TANROADS, wakala wa barabara hizo, na huko Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Iwe ni wakala gani, njia mpya ya gari kuingia barabarani inatakiwa iwe na kibali chao. Nilipoyaona maji jikoni kwa yule mama nilielewa kwa nini. Mtaro mmoja unahudumia nyumba ishirini, na mmoja akiuziba wote wanaumia.

Utajuaje ukanda ulio mbele yako ni wa nani? Mwombe mwenye nyumba nakala ya hati pamoja na ramani ya kiwanja, kisha mtafute bikoni kwa miguu. Yetu ilikuwa imezama chini ya majani, tukaifukua kwa jembe. Tazama pia nguzo za umeme na bomba la maji: vikipita kwa mstari mmoja mbele ya nyumba zote, mara nyingi ukanda huo ni wa barabara, ingawa dalili hiyo haitoshi bila ramani. Usikubali jibu la dalali. Yeye anataka chake cha mwezi mmoja aondoke.

Kuna mitaa ambayo haijapimwa, na huko mambo hubadilika. Njia ya kufika kwako inaweza kweli kupita kwenye eneo la mtu, eneo alilolinunua au kulirithi, na kumlipa ni haki yake. Hata hivyo mpangaji asinunue njia ya kudumu. Mapatano ya kudumu wayafanye wenye nyumba wawili, kwa maandishi, mbele ya serikali ya mtaa, kwa sababu njia itabaki na nyumba hata wewe ukihamia Muheza. Kama mwenye nyumba wako hataki na wewe una shida ya kupita, basi lipa kidogo kwa mwezi, upewe risiti iliyosainiwa yenye tarehe, jina na maneno "malipo ya kupitisha gari", na usitoe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Pesa yangu? Mzee hakuwa nayo tena. Mwenyekiti wa mtaa alitukalisha kwenye benchi lake, tukakubaliana: 50,000 ibaki kwake kama fidia ya ukoka nilioufukia kwa kifusi, na 100,000 anirudishie kidogo kidogo. Alirudisha yote, kwa mikupuo minne. Kifusi nilikizoa kwa gharama yangu.

Ikabaki njia halali: kulaza kalvati, bomba pana la kupitisha maji ya mtaro chini ya gari. Barua ya maombi iandikwe na mwenye kiwanja, siyo mpangaji, na wangu anaishi Dar es Salaam. Nilimpigia jioni moja.

"Mzee, nahitaji uombe kibali cha kalvati, na gharama tukatane kwenye kodi."

"Mwanangu, mwenye gari ni wewe."

"Ni kweli mzee. Ila nikihama kalvati siliondoi. Mpangaji ajaye utamwambia gari linaingia mpaka ndani, na kodi yako itapanda."

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Shilingi ngapi?" Swali hilo lilinipa moyo, na nilikuwa tayari na hesabu. Jiandae hivyo na wewe. Usimpigie mwenye nyumba na malalamiko matupu, mpelekee orodha ya fundi.

Barua ikaenda TARURA pamoja na nakala ya hati na utambulisho wa serikali ya mtaa. Fundi sanifu alikuja kuutazama mtaro, akapima upana na kina, akasema yawekwe makalvati ya inchi 24, yalazwe usawa wa sakafu ya mtaro na yafuate mteremko wake. Nilikuwa nimepanga bomba dogo la plastiki kwa sababu ni rahisi. Alinionyesha majani ya mwembe na mifuko iliyojaa mtaroni, akaniuliza bomba lile lingedumu mvua ngapi. Kabla ya kuchimba niliwaita pia watu wa Tanga UWASA, mamlaka ya maji, wanionyeshe bomba lao lilipo. Lilikuwa chini shubiri moja tu. Sururu ya fundi ingelipasua, na nyumba zile ishirini zingekosa maji kwa sababu yangu mara ya pili.

Hesabu ilikuwa hivi. Makalvati manne kwa 90,000 kila moja, jumla 360,000. Kuyasafirisha 40,000. Saruji mifuko sita, 102,000. Mchanga na kokoto 110,000. Fundi na msaidizi wake 120,000. Zote 732,000. Kodi yangu ni 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nyumba alinisamehe miezi mitatu, nami nikabeba 132,000 zilizobaki. Sikununua hata mfuko mmoja kabla hajasaini, na hapa nakuomba uwe mgumu hata kama mnapendana. Tuliongeza ukurasa kwenye mkataba wa pango, tukasaini wote wawili na mashahidi, maneno yakiwa haya:

"Mpangaji atajenga kivuko cha gari mbele ya nyumba kwa kibali kilichoombwa na mwenye nyumba. Shilingi 600,000 za gharama zitahesabiwa kuwa kodi ya miezi mitatu inayofuata. Kivuko ni mali ya nyumba. Mpangaji akiondolewa kabla ya miezi hiyo kwisha bila kosa lake, atarudishiwa kiasi kilichobaki."

Sentensi ya mwisho usikubali iondolewe. Mpangaji mwenzangu wa mtaa wa pili alijenga kwa mdomo tu, na mwezi wa pili akaambiwa nyumba inauzwa. Aliondoka na funguo za gari na deni la saruji dukani.

Malipo yoyote ya serikali yakitajwa, omba kumbukumbu namba ya malipo (control number) ulipie benki au kwa simu. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akija na kofia ya kazi na daftari.

Siku zege lilipokauka nilimwingiza baba hadi barazani. Alitia mguu wake wa kulia chini mwenyewe, akashika nguzo, akakaa kwenye kiti chake bila kubebwa na mtu. Mzee wa jirani alikuwa amesimama pale na ndoo ya vipandikizi vya ukoka, anangoja gari litoke apande pembeni mwa zege. Wiki ya mwisho ya Februari, kabla masika hayajafungua, mimi na yeye hushika majembe tukazibua midomo ya kalvati, mimi huku, yeye kule.