Maswali na majibu: Kusema na aliye msituni

Mwanafunzi wa uandishi wa habari anauliza: Mawasiliano ya kimkakati na propaganda vina tofauti gani? Mimi naona ni mtu yule yule kabadili kanzu.

Mara nyingine ni yule yule kweli. Kipimo changu ni hiki: siku mambo yote yatakapojulikana, ulichosema kitasimama? Mkakati huanza kwa kujua unamtaka nani afanye nini, kwa mfano mpiganaji aweke silaha chini, au mzazi atafute msaada mapema. Ukiulizwa ujumbe ni wa nani ukajibu "wananchi wote", hilo ni tangazo tu.

Ofisa habari: Tumebandika mabango ya kuwazuia vijana wasijiunge na makundi ya silaha, tumetengeneza video, tumelipa wasanii. Vijana wanatucheka. Tumekosea wapi?

Hamko peke yenu. Mwishoni mwa 2013 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianza kubishana kwa Kiingereza na wafuasi wa makundi ya kijihadi kwenye Twitter, huku nembo ya serikali ikionekana waziwazi. Wafuasi wakawarushia Wamarekani usoni Abu Ghraib, gereza la Iraq ambako askari wa Marekani waliwatesa wafungwa, na vijana wasiojulikana wakapata jukwaa la bure la kujibizana na dola kubwa.

Ila nashuku tatizo lenu haliko kwenye bango. Utafiti wa UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa 2017 uliwahoji watu waliojiunga na makundi haya kwa hiari barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Sasa msimamishe kijana wa namna hiyo mbele ya bango lenu la "Tudumishe amani". Kaka yake alichukuliwa usiku. Mama yao amekwenda kituoni mara tatu na hajapewa hata kikaratasi cha kuonyesha mwanawe anashikiliwa wapi. Kikaratasi hicho ndicho ujumbe wenu wa kwanza. Mfuateni mkuu wa kituo, kipatikane, kisha tuzungumze habari za video. Najua hakimo kwenye bajeti yenu.

Msomaji mwingine: Mtu aliyekwisha kuzama msituni, kweli atatolewa na redio?

Wapo waliotoka. Gulu, kaskazini mwa Uganda, Mega FM ilikuwa na kipindi cha Kiacholi kiitwacho Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Waliokuwa wapiganaji wa LRA, kundi la waasi la Joseph Kony, walikaa mbele ya maikrofoni wakawaita wenzao waliobaki porini: mimi niko hai, sikuuawa. Makamanda walikuwa wakiwatisha vijana kwamba anayerudi huuawa, na uongo huo hauvunjwi na hotuba ya waziri. Unavunjwa na sauti ya mtu uliyeishi naye porini, ambaye unakijua hata kikohozi chake.

Lakini nyuma ya maikrofoni ile kulikuwa na Sheria ya Msamaha ya 2000, iliyowasamehe waasi waliojisalimisha. Bila hiyo kipindi kingekuwa mtego, na redio iliyowahi kumpeleka mtu jela baada ya kumwita kwao haisikilizwi tena.

Colombia nako walijaribu jambo ninalolipenda. Desemba 2010 wanajeshi waliingia msituni kwa helikopta, wakapamba miti mirefu tisa kwa taa zinazohisi mwendo. Mpiganaji wa FARC, kundi la waasi la huko, akipita gizani, mti unawaka wote na bango linamwambia kwamba ikiwa Krismasi imeweza kufika msituni, naye anaweza kufika nyumbani. Baadaye wakawashirikisha mama wa wapiganaji, kwa picha za utotoni za watoto wao ambazo mwenyewe tu angejitambua. Picha ya ukubwani ingemponza kwa makamanda wake.

Msemaji wa taasisi: Shambulio likitokea, niseme mapema au nisubiri uhakika?

Sema mapema, sema kidogo, na taja saa ya taarifa inayofuata. Kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, Al-Shabaab walituma taarifa zao Twitter huku watu bado wamenasa ndani. Akaunti ikifungwa, wanafungua nyingine. Upande wa serikali maofisa walipishana kauli, na jengo likatangazwa kudhibitiwa wakati milio ya risasi bado inasikika. Chagueni mdomo mmoja kabla ya siku hiyo.

Usimpambe mshambuliaji pia. Baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019, Jacinda Ardern, waziri mkuu wa wakati huo, alikataa kulitamka jina la muuaji. Video ya muuaji huyo ilikuwa imeshasambaa: Facebook peke yake iliondoa nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24.

Mama mdogo wa kijana: Mtoto wa dada yangu, miaka 17, anatuma video za chuki kwenye kundi la familia. Mjomba wake anamjibu kwa kumwita gaidi. Nami nimwandikie nini?

Kwenye kundi, usiandike kitu. Mpigie, au bora mwende mkae wawili, umuulize nani alimtumia video ya kwanza na ni kitu gani humo kilichomgusa. Msikilize amalize, hata akisema ya kukuudhi. Akianza kuaga watu au kugawa vitu vyake, usingoje. Tafuta mtu anayemheshimu na mwenye uzoefu wa mambo haya. Na kaka yako mwambie leo hii aache neno hilo, maana wanaomwinda kijana wanasubiri kwa hamu afukuzwe kwao.