Mswada wangu ulikataliwa mara mbili, Mass Effect ikanifundisha kuandika mazungumzo

Jumamosi iliyopita mchezo wangu wa redio ulirushwa hewani kwa mara ya kwanza. Tangu hapo watu kadhaa wameniandikia wakiuliza nilifanyaje, kwa kuwa nao wana miswada yao kabatini. Nitaeleza yote, pamoja na yale yanayoniuma.

Mswada huo ulikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza sikupewa sababu. Mara ya pili mhariri aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Wahusika wako wote ni mtu mmoja." Maneno sita. Miezi minane nilikuwa naamka saa kumi alfajiri niandike kabla ya kwenda kazini, na jibu langu likawa maneno sita. Hadi leo naona angeweza walau kunipigia simu.

Lakini nilipousoma kwa sauti niliona alichokiona. Bibi wa Pangani na mjukuu wake, kondakta wa daladala, wote walizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Kijana amerudi usiku wa manane, na bibi anamwambia: "Napenda kukufahamisha kwamba sijaridhishwa na mwenendo wako." Niliona aibu. Bibi yangu mzazi hakuwahi kutamka sentensi ya namna hiyo maisha yake yote.

Siku hizo nilikuwa narudia Mass Effect, sehemu tatu za kwanza zilizotolewa kwa pamoja mwaka 2021. Ni gemu za kampuni ya BioWare ya Kanada, hadithi ya kamanda Shepard anayezunguka angani na kikosi cha watu na viumbe wa sayari mbalimbali. Ya kwanza ilitoka 2007, ya pili 2010, ya tatu 2012. Nilizicheza nikiwa kijana kwa ajili ya mapigano. Safari hii nilikaa na daftari, nikawa nasikiliza tu.

Jambo la kwanza nililoandika lilihusu elcor. Hawa ni viumbe wakubwa wenye kutembea kwa miguu minne, na sauti yao haipandi wala haishuki. Kwa hiyo elcor hutaja kwanza hisia yake, kisha ndipo aseme: kwa huzuni, jambo fulani, kwa hasira, jambo fulani. Hanar nao hawasemi "mimi". Hujitaja kama "huyu", kwa adabu kubwa. Ukifumba macho unajua nani yuko mbele yako kabla sentensi haijaisha.

Kisha nikafika kwa Mordin Solus, daktari wa jamii ya salarian katika sehemu ya pili, aliyeandikwa na Patrick Weekes. Mordin anaongea haraka na kuyatupa maneno madogo yote. Kwa Kiingereza anaiacha nafsi, anabaki na kitenzi kitupu. Nilijaribu kumpa daktari wangu wa zahanati usemi huo, nikagonga ukuta: nafsi yetu imeshikana na kitenzi. Toa "ni" kwenye "nimepima" uone kinachobaki. Nilihangaika siku tatu. Mwishowe nikaviondoa vitenzi vyenyewe: "Damu tayari. Malaria hakuna. Mwingine!" Hapo ndipo daktari wangu alipozaliwa, na najivunia mistari hiyo mitatu kuliko mswada wote wa kwanza.

Basi ushauri wangu ni huu: funika majina. Weka karatasi juu ya majina ya wahusika upande wa kushoto, usome maneno peke yake. Usipojua nani anasema, andika upya.

Lakini sauti peke yake haitoshi, na hapa sehemu ya kwanza ya Mass Effect inawazidi waandishi wengi. Kwenye sayari ya Virmire, Wrex, shujaa wa jamii ya krogan aliye katika kikosi cha Shepard, anapata habari kwamba adui ana dawa ya genophage, ugonjwa uliopandikizwa kwa watu wake hadi mimba moja tu kati ya 1,000 huzaa mtoto aliye hai. Shepard amekuja kulilipua jengo lenye dawa hiyo. Wanasimama ufukweni, silaha zimeinuliwa, na kinachobaki ni maneno. Wrex anataka watoto wa ukoo wake waishi, na kila jibu unalochagua linagusa hilo. Mara ya kwanza kucheza nilichagua vibaya, akapigwa risasi. Nilizima kompyuta nikatoka nje. Mhusika akiwa na jambo analolitaka kwa moyo wote, hata "hapana" yake ina uzito. Nikajiuliza bibi wangu wa Pangani anataka nini. Anataka mjukuu asipotee mjini kama baba yake. Sentensi ikaja yenyewe: "Nimesikia mlango. Baba yako naye alianza hivihivi."

Sehemu ya tatu ina mazuri mengi, ila niliona Shepard anaongea mno bila mchezaji kuulizwa, na lile jibu la katikati, la mtu ambaye bado hajaamua, karibu limetoweka. Halafu mwisho wake. Baada ya saa nyingi za safari, dakika za mwisho anatokea kiumbe mwenye umbo la mtoto, hujawahi kuzungumza naye, anakueleza maana ya kila kitu. Wachezaji walikasirika sana, hata kampuni ikatoa nyongeza ya bure Juni 2012 kuufafanua mwisho huo. Mimi nami nilikuwa na mhusika wa namna hiyo: mwanasheria aliyeingia ukurasa wa mwisho kueleza siri ya familia. Nilimfuta. Siri nikampa bibi, na hakuimaliza kuisema.

Mass Effect: Andromeda, gemu ya nne iliyotoka 2017, sina mengi ya kusema juu yake. Iliacha zile njia mbili za kujibu za gemu za awali, wema na ukali, ikaleta namna nne za kujibu: kwa moyo, kwa akili, kwa utani, kikazi. Nilipenda wazo hilo. Lakini mara nyingi mno ukibadilisha namna ya kujibu, jambo linabaki lilelile, na watu wanatangaza hisia zao waziwazi. Kuna kiongozi anayeeleza kwamba uso wake umechoka. Aliyechoka kweli hukaa chini, huomba maji, hukukatiza kauli.

Ndugu zangu waandishi, tunawakosea wahusika wetu. Tunawavisha Kiswahili cha mtihani kwa kuogopa mwalimu wa darasa la saba atatusahihisha. Panda daladala, zima simu, sikiliza. Kaa msibani na wazee uone wanavyolizunguka jambo kabla ya kulisema. Ukirudi nyumbani andika, kisha funika majina. Nasema tena, funika majina! Acheni kuniuliza namba ya simu ya mhariri kabla hamjafanya hilo.

Jumamosi ile mama alikuwa jikoni akimenya vitunguu, redio iko dirishani. Sikuwa nimemwambia kitu. Bibi alipomaliza kumsema mjukuu wake, mama aliweka kisu chini akauliza, "Huyu si kama mama mkwe wangu kabisa?"

Sasa naandika sehemu ya sita ya mchezo wangu wa redio. Kuna mwenye nyumba na mpangaji wanaogombana juu ya luku, na bado wanatumia mdomo mmoja. Majina nimeyafunika mara tatu tangu jana.