Kuanza Mchezo wa Mapigano ya Waviking kwa Kikosi Kidogo

SWALI: Nimesoma mengi kuhusu Waviking na ningependa kuingia katika michezo ya vita ya mezani inayotumia sanamu ndogo. Kinachonikatisha tamaa ni picha za majeshi yenye mamia ya sanamu zilizopakwa rangi kwa ustadi. Je, naweza kuanza na sanamu chache bila kuharibu uhalisia wa historia? Nichague ukubwa gani wa sanamu, na kanuni zipi?

JIBU: Ndugu msomaji, katika zama za Waviking uchache wa sanamu hauharibu uhalisia, bali unaukaribia. Sheria za Mfalme Ine wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, zilizotungwa mwishoni mwa karne ya 7, yaani takriban miaka mia moja kabla ya Waviking kuishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793, ziliwahesabu wavamizi wasiozidi 7 kuwa wezi, kundi la kuanzia 7 hadi 35 kuwa genge, na zaidi ya hapo kuwa jeshi. Kwa hiyo kikosi cha sanamu ishirini na kitu hakiwakilishi jeshi lililopunguzwa ili lienee mezani. Ni kikosi kamili ambacho watu wa wakati ule wangekitambua.

Kuhusu ukubwa, chagua sanamu za milimita 28. Ndizo zinazopatikana kwa wingi zaidi kwa zama hizo za Waviking, za plastiki na za metali, na ukubwa wake unaruhusu kila mtu aonekane kuwa mtu mwenye shoka, mkuki na ngao yake. Ukianza na za plastiki utafaidika zaidi, kwa kuwa mikono, vichwa na silaha huja vikiwa vimetengana, na sanduku moja linaweza kugawanywa kati ya pande mbili. Silaha za Waviking na za Waanglo-Saxon, yaani wenyeji wa Uingereza wa wakati huo, zilifanana mno, hivyo mpinzani wako anaweza kutumia sanamu zilezile, mradi ngao za kila upande zipakwe rangi zitakazowatofautisha.

Kwa kanuni, ninapendekeza SAGA, iliyotolewa na Studio Tomahawk mwaka 2011. Kikosi hujengwa kwa pointi: pointi moja hukupa walinzi 4 wa kiongozi, au wapiganaji 8 wa kawaida, au wanamgambo 12, na kiongozi mwenyewe halipiwi. Anza na pointi 4. Ukichukua makundi mawili ya walinzi na mawili ya wapiganaji, pamoja na kiongozi, utakuwa na sanamu 25. Meza ya sentimita 120 kwa 90 inatosha.

Sehemu ya kanuni hizo inayohitaji umakini mkubwa ni uchovu. Kundi linaweza kuamriwa zaidi ya mara moja katika zamu ileile, lakini kila amri ya ziada hulichosha, na mpinzani anaweza kuutumia uchovu huo dhidi yako, kwa mfano kwa kupunguza mwendo wa kundi hilo au kulidhoofisha linapopigana. Wachezaji wapya karibu wote huwasukuma walinzi wao mbele mara tatu mfululizo, kisha wanashangaa walinzi hao wanapoanguka mbele ya watu dhaifu kuliko wao. Jifunze kusimama na kupumzika mapema. Usiruhusu pia dadu maalumu za mchezo zikucheleweshe, kwani dadu za kawaida zinafaa: badala ya alama tatu za dadu hizo maalumu, 1 hadi 3 huhesabiwa alama ya kwanza, 4 na 5 alama ya pili, na 6 alama ya tatu, iliyo adimu.

Katika upakaji rangi, kofia zenye pembe ziache kabisa. Hakuna ushahidi kwamba Waviking walizivaa vitani. Deraya wavalishe walinzi na kiongozi, kwa sababu lilikuwa vazi la gharama kubwa. Mavazi ya wengine yawe ya sufu ya kahawia na kijivu, na hapa na pale nyekundu, buluu au manjano iliyofifia, kama zinavyotoka rangi za mimea. Kwa ngao una kielelezo halisi: merikebu ya Waviking iitwayo Gokstad, iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880, ilikuwa na ngao 64 zilizopakwa nyeusi na manjano kwa kupokezana. Maliza kundi moja kabla ya kufungua jingine.

Wala usisubiri kikosi kizima kikamilike ndipo ucheze. Kumbukumbu za Waanglo-Saxon zinasimulia kwamba, katika utawala wa Mfalme Beorhtric, merikebu 3 za watu wa kaskazini zilitia nanga Wessex, na msimamizi wa mfalme aliyekwenda kuwaamuru wafike mbele ya mfalme akauawa. Weka ufukwe upande mmoja wa meza, msimamizi na wapiganaji 8 katikati, na Waviking idadi hiyohiyo chini ya kiongozi wao majini. Waviking watashinda wakimuua msimamizi na kurudi ufukweni kabla ya zamu ya sita kwisha. Wenyeji watashinda wakiwazuia.